Panya Aliyelala Chali

Kwa Mwende wa Ifo na Zeinab wa Wajir,

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Nguo za heshima. Msianze.)

Aliyenivua ni panya. Si yule wa kutafuna magunia ya mchele. Ni panya wa kompyuta, kifaa cha kushikwa kwa mkono mmoja, kisicho na meno. Na pamoja naye walikuwepo korongo mmoja, viatu vya Mkurugenzi wangu, na utumbo wa mbuzi. Tulieni, nitafika.

Nyinyi mnanijua, lakini Zeinab ana tabia ya kusoma barua zake kwa sauti, kwa hiyo nieleze vizuri kwa faida ya ofisi yote ya Wajir. Mimi ni Habiba, mpika chai wa mradi wa mifugo hapa Garissa. Napika chai, nafagia, nafuta vumbi, nafuta tena. Baba alitangulia, Hooyo, mama yetu, akamfuata, nami nikaacha shule kidato cha pili nikae na wadogo zangu: Nasra, Siyat, na Deka ambaye ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Jioni nikawa naenda darasa la taipu, ndiko tulikokutana sisi watatu, nanyi mkanicheka kwa kupiga herufi kwa kidole kimoja. (Siku hizi ni viwili.)

Basi karani wetu wa kompyuta ameolewa, amehamia Mombasa, na kiti chake kimebaki wazi. Mkurugenzi aliniambia, "Habiba, mgeni akija kutoka makao makuu Nairobi, utajaribiwa. Ukiweza, kiti ni chako. Ukishindwa, chai yako tunaipenda." Mgeni alikuwa aje leo.

Na kana kwamba hilo halikutosha, wiki hii ameteremka adeer Salat kutoka Rhamu, mdogo wake baba. Adeer si mtu mbaya. Ana shamba la vitunguu kando ya mto Daua, ana moyo mkubwa, na ana sauti ya kuita ngamia waliovuka mpaka. Alikaa kwetu, akaitazama nyumba, akakohoa, akasema, "Habiba, chai hailei watoto. Lori langu linaondoka keshokutwa. Siyat na Deka nitaenda nao. Wewe baki na Nasra."

Nikamwambia, "Adeer, Hooyo alituachia neno moja tu. Tusitawanyike."

"Hooyo wako, Mungu amrehemu, hakujua bei ya unga itakuwa hivi."

"Na nikipata kazi ya kompyuta?"

"Ndiyo kazi gani?"

"Ya kukaa kwenye kiti."

Akafikiri. Kazi ya kukaa kwenye kiti aliiheshimu. "Basi nitakuja niione kwa macho yangu," akasema. "Nikiona umekaa, watoto wakae. Nikiona bado unabeba birika, tunaondoka."

Kwa hiyo leo asubuhi nilienda kufanya mtihani nikiwa nimefuatana na baba mdogo, bakora mkononi, ndevu zimepakwa hina. Wenzangu huenda kwenye mtihani na kalamu.

Kabla hatujatoka nyumbani kulitokea jambo dogo. Nawaambia kwa sababu litarudi. Adeer alikuwa amevua kandambili zake mlangoni usiku, na moja ilikuwa imepinduka, soli ikitazama juu. Deka alipita mbio akitafuta kikombe chake. Hakusimama. Aliinama tu, akaigeuza, akaendelea na mbio zake. Mwende, wewe ni wa Kitui, labda kwenu kiatu kikipinduka kinaachwa kipumzike. Kwetu hapana. Soli haitazamishwi mbinguni. Ukikiona kiatu kimelala hivyo unakigeuza, kiwe chako, kiwe cha adui yako. Hooyo alitufundisha hivyo kabla hatujajua kuhesabu. Mkono unafanya wenyewe, kichwa hakiulizwi.

(Kumbukeni: kichwa hakiulizwi.)

Tulipofika ofisini nilikuta mbuzi ameshachinjwa nyuma ya jiko kwa ajili ya mgeni, na korongo wameshapata habari. Korongo wa Garissa mnawajua. Upara, mabawa yamefungwa nyuma, wamesimama kimya kama wazee waliokuja kusikiliza mgawo wa urithi. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, alikuwa amesimama karibu na rundo la utumbo akijifanya anawaza mambo mengine.

Nilimkalisha adeer kwenye kivuli cha tangi la maji pamoja na Mutua, bawabu wetu. Nikampa chai. Nikaenda kutahiniwa.

Chumba chetu cha kompyuta ni kama msikiti. Unavua viatu mlangoni. Ni kwa sababu ya vumbi, alisema fundi aliyezileta, na tangu siku hiyo hata mkuu wa wilaya akija anavua. Ndani kuna zulia, kuna kiyoyozi cha pekee katika ofisi nzima, na kila kompyuta ina kitambaa chake cha kuifunika, nilichokishona mwenyewe. Mlangoni leo kulikuwa na viatu jozi tatu. Patipati zangu za buluu. Viatu vya kisigino vya mgeni. Na viatu vya Mkurugenzi, vya ngozi ya kahawia, vipana, vinang'aa mpaka unaweza kufungia kilemba mbele yake.

Mgeni alikuwa Bi. Anyango, mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo. Mkurugenzi alisimama nyuma yangu na soksi zake.

"Karibu, Habiba," akasema Bi. Anyango. "Usiogope. Tumekuletea kompyuta mpya. Utaifungua, utaandika barua ninayokusomea, utafuta aya moja, kisha utachapa. Unajua kutumia panya?"

"Ndiyo, madam. Banya najua sana." (Ulimi wangu mnaujua. Nikiwa na hofu, kila 'p' inakufa.)

Na sikusema uongo! Yule panya wetu wa zamani namjua kama mkono wangu. Mweupe aliyegeuka rangi ya chai, umbo la kipande cha sabuni, na mpira wake mdogo tumboni, kwa chini. Unamsukuma mezani, mshale unatembea. Vumbi likijaa namlaza chali, nafungua kifuniko, natoa mpira, nausafisha kwa pamba. Kwa hiyo panya akiwa amelala chali na mpira wake unaonekana, mimi najua maana yake: kuna mtu amemsafisha akasahau kumgeuza.

Bi. Anyango akaondoa kitambaa.

Jamani. Pale mezani kulikuwa na dude jeusi, pana kama kobe, na katikati ya mgongo wake, juu kabisa, mpira mwekundu mkubwa kama limau, unang'aa, unatazama dari.

Mimi nikaona nini? Nikaona panya amelala chali. Mkubwa, wa kisasa, wa Nairobi, lakini chali. Nikamhurumia. Nikaona pia aibu ya ofisi yetu, kwamba mgeni ametoka mbali na sisi tumemwekea kifaa tumbo juu.

Mkono ukafanya wenyewe.

Nilimgeuza kwa adabu, kama mtu anayegeuza kanda ya adeer wake. Nikasikia "tok!" Kisha "tok, tok, tok." Mpira ukadondoka mezani, ukadunda kitini, ukafika kwenye zulia, ukapumua kidogo, halafu ukaamua.

"Habiba!" akasema Mkurugenzi.

"Ngoja, madam, nitaukamata," nikasema, nikapiga magoti.

Ukapita chini ya meza. Ukapita katikati ya miguu ya Mkurugenzi, naye akaruka kama msichana. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu chai ilikuwa njiani. (Chai ya nani? Chai yangu. Nilijitegea mtego mwenyewe.) Ukavuka kizingiti, ukapenya kati ya viatu, ukashika ule mteremko wa saruji tuliojengewa kwa ajili ya mkokoteni wa dawa za mifugo. Hapo ukapata kasi ya kwenda zake.

Nikatoka mbio pekupeku. Sijui huko Ifo jua likoje, lakini mchanga wa Garissa saa sita mchana si wa kukanyagwa na mtoto wa mtu. Hatua chache tu nikarudi nikiruka kwa mguu mmoja, nikatumbukiza miguu ndani ya viatu vya kwanza nilivyovikuta, nikaondoka tena. Nilijua vilikuwa vikubwa. Vilikuwa vinasema "kwapu, kwapu." Lakini sikuwa na nafasi ya kuvitambulisha.

Na wakati huo mpira ulikuwa umesimama. Umesimama mbele ya nani? Mbele ya yule korongo mkubwa, mwenye mawazo.

Aliutazama kwa jicho moja. Akageuza kichwa, akautazama kwa jicho la pili. Mwekundu, mviringo, unang'aa, umetoka upande wa jiko. Ungekuwa wewe ni korongo ungefikiri nini? Akauokota.

Nikapiga yowe ambalo nadhani Mwende alilisikia Ifo:

"Mutua! Korongo amechukua panya!"

Ningesema "mpira" mambo yangekuwa mengine. Lakini ulimi ulikuwa na haraka zake.

Mutua hakuinuka. Alikuwa amekaa na adeer, vikombe mkononi. Akanijibu kwa upole wa mtu anayemtuliza mgonjwa:

"Mwache, Habiba. Si ndiyo kazi yake?"

"Amechukua panya wa ofisi!"

"Afadhali. Wamezidi. Jana mmoja amekula sabuni yangu."

"Mutua, ni panya mpya! Ametoka Nairobi leo!"

Mutua akamgeukia adeer. "Mzee, umesikia? Siku hizi wanatuletea mpaka panya kutoka Nairobi. Kama hawa wa hapa hawatoshi."

Adeer akatikisa kichwa kwa huzuni. "Serikali," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni. "Sisi tunaomba maji, yeye naleta banya."

Korongo alikuwa ameanza kuondoka. Hakuwa anakimbia. Korongo hakimbii, anakwenda kama mtu aliyemaliza mkutano. Ila miguu yake ni mirefu, na mimi nilikuwa ndani ya viatu ambavyo kila nikiinua mguu vinabaki nyuma kidogo kutafakari. Akiongeza hatua moja mimi naongeza nne. Kwapu, kwapu, kwapu. Tukalizunguka jiko. Tukalizunguka gari la Bi. Anyango. Wafugaji waliokuwa langoni wakisubiri dawa za mbuzi wao wakaacha kusubiri. Mmoja akaniuliza kwa Kisomali, kwa heshima kabisa, "Dada, ni ndege wako?"

Korongo akarusha kichwa nyuma. Nikaona mpira wote ukipotea mdomoni, kisha ukarudi. Alikuwa anajaribu kuumeza!

Hapo ndipo mzaha ulipoisha. Akilini nilimwona Deka juu ya lori la adeer, kikombe chake mkononi, akinipungia. Nikaita, safari hii kwa lugha ya mama, na sauti yenyewe sikuijua:

"Adeer! Anameza kazi yangu!"

Wenzangu, mzee yule aliinuka. Sijui alielewa nini. Nadhani alielewa sauti. Alimpa Mutua kikombe, akashika macawis yake, ile shuka ya kiunoni, kwa mkono mmoja isimfunge miguu, bakora kwa mkono mwingine, na akaingia uwanjani kama mtu anayemzuia ngamia dume.

"Warya!" akamfokea korongo. "Warya, simama! Habiba, zuia upande wa jiko! We bawabu, simama kwa lango! Usimtazame usoni!"

Mutua akasimama langoni akitazama pembeni, kama alivyoagizwa. Mimi nikafunga upande wa jiko, mikono imepanuliwa. Adeer akaja taratibu, akipiga ulimi "tk, tk, tk", ule mlio wa kukusanya mbuzi. Korongo akasimama. Hajawahi kuchungwa maishani mwake. Akatazama bakora, akatazama ndevu za hina, akanitazama mimi, akafanya hesabu, akatema mpira, akaruka juu ya paa la jiko.

Alhamdulillah!

Ila aliutema wapi? Katikati ya rundo la utumbo wa mbuzi.

Niliingia. Ningefanya nini? Niliingia na viatu vyote, mguu wa kulia mpaka kwenye kifundo, nikapapasa, nikaupata, nikauinua juu kama mtu aliyeshinda kombe. "Nimempata panya!" nikasema. Langoni wakapiga makofi.

Nikageuka.

Mlangoni pa chumba cha kompyuta walisimama Bi. Anyango na Mkurugenzi. Bi. Anyango alikuwa amevaa viatu vyake. Mkurugenzi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, pale kivuli kinapoishia, hawezi kuja mbele kwa sababu ya mchanga, na soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kilikuwa kinachungulia kujua kelele ni za nini. (Mkurugenzi, kama unasoma hii, mimi sikuona kitu. Ni Mutua aliyeniambia.)

Hata korongo aliinama kutoka kwenye paa atazame.

"Habiba," akasema Mkurugenzi polepole. "Hivyo ni viatu vyangu?"

Nikatazama chini. Kiatu cha kushoto kilikuwa bado kinang'aa. Cha kulia hakikuonekana.

"Ni vyako, Mkurugenzi."

"Na hicho kilichoko juu yake?"

"Ni cha mbuzi, Mkurugenzi."

Ardhi haikupasuka. Niliisubiri kabisa.

Ni adeer aliyeniokoa. Alikuja akihema, akamsalimia Bi. Anyango kwa heshima, mkono kifuani, kisha akamwuliza kwa Kiswahili chake, maana alitaka kujua kesi yenyewe kabla hajamkatia mtu hukumu:

"Mama, hii msichana yangu amefanya nini?"

Bi. Anyango alikuwa ameuma midomo. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. "Mzee, kuna kifaa kipya. Kinaitwa panya. Habiba amekigeuza juu chini, mpira ukatoka."

"Kwani hiyo banya ilikuwa imelala aje?"

"Ilikuwa... mpira ukiwa juu."

"Tumbo juu?"

"Kwa namna fulani, ndiyo. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Na yeye akakuja, akaona iko tumbo juu, akageuza fizuri?"

"Ndiyo."

Adeer akamtazama Bi. Anyango. Akamtazama Mkurugenzi, ambaye naye ni wa kwetu, tena amelelewa na mama anayegeuza viatu.

"Sasa," akasema adeer, "makosa iko wapi?"

Mkurugenzi akatazama kile kiatu chake cha kulia. Halafu akaanza kucheka. Alianza chini, tumboni, kicheko kikapanda, akashika mlango asianguke. Bi. Anyango akavua miwani akajifuta macho. Langoni walicheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nilisimama katikati ya utumbo na mpira mkononi, nikiwa peke yangu Garissa nzima ambaye sijacheka.

"Nenda uoshe huo mpira wa panya," akasema Mkurugenzi alipopata pumzi. "Na viatu. Na miguu. Kisha urudi. Mtihani haujaisha."

Niliuosha kwa sabuni, nikaurudia, nikaunusa, nikaurudia tena. Una mkwaruzo mdogo ulioachwa na mdomo wa korongo, na wala hautoki.

Nikarudi kwenye kiti. Hapa sasa niwaambie ukweli kuhusu panya huyu, maana mtaletewa na nyinyi. Mwanzoni niliendelea kumsukuma mezani kama yule wa zamani. Nikamsukuma mpaka ukingoni. Mshale haukutikisika. "Huyo hatembei, Habiba," akasema Bi. Anyango. "Yeye amekaa tu. Wewe viringisha mpira." Nikauviringisha. Mshale ukaruka mpaka pembe ya juu ukajificha. Nikauleta, ukapita ukaenda pembe ya chini. Ilikuwa kama kumwita paka wa jirani.

Nikafunga macho kidogo. Nikasema bismillahi. Nikafikiria tonge la ugali, la moto, unaloliviringisha kwenye vidole bila kulibana, kabla hujalitia mchuzi. Nikauviringisha hivyo. Na wallahi, mshale ukaja! Polepole, mtiifu, ukasimama nilipotaka. Kifundo cha mkono kimelala, bega halifanyi kazi, ni vidole tu. Ukishamzoea ni raha. Kasoro yake ni moja: anaonekana kama amelala chali, na hakuna aliyeandika popote kwamba asigeuzwe.

Niliandika barua. Nilikosea maneno mengi, nikayarudia. Aya ya kufuta niliifuta, na ya jirani yake pia, nikaomba radhi, nikaiandika upya. Adeer alikuwa amesimama mlangoni, amevua kanda zake, hajaambiwa na mtu. Hakutazama kompyuta hata mara moja. Alikuwa anatazama kiti.

Karatasi ilipotoka kwenye mashine, Bi. Anyango aliisoma, akampa Mkurugenzi, wakanong'ona. Mimi nilihesabu mistari ya zulia.

"Kasi yako ni ndogo," akasema Bi. Anyango.

"Ndiyo, madam."

"Makosa yapo."

"Ndiyo, madam."

"Lakini hujaacha kitu njiani. Sijawahi kuona mtu akiufuata mpira hivyo. Utaanza Jumatatu kwa majaribio, na masomo ya kompyuta tutakupa sisi."

Mkurugenzi akaongeza, "Na chai utamfundisha mwenzako kabla hujaiacha. Hilo si ombi."

Sikulia. (Zeinab, soma sehemu hii kwa sauti: hakulia. Lilikuwa vumbi.)

Nilimsindikiza adeer mpaka langoni. Nilikuwa naogopa kumwuliza. Alitembea akipiga mchanga kwa bakora. Mwishowe akasema, kwa Kisomali, bila kunitazama:

"Asubuhi yule mdogo aligeuza kanda yangu."

"Deka? Ndiyo, adeer."

"Nilikuwa macho. Nilimwona. Nani alimfundisha? Hooyo wako alipofariki yeye hata kutembea alikuwa hajui."

"Mimi, adeer."

Akatembea tena kidogo.

"Watoto watabaki," akasema. "Kule Rhamu kanda zangu zinalala chali mwezi mzima, hakuna anayezigeuza." Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mzee, akakohoa, akakaza sauti: "Lakini likizo waje. Vitunguu havijing'oi vyenyewe."

Kwa hiyo kesho lori linaondoka na adeer peke yake. Ninachoogopa ni njia yake. Lori lake linapita Wajir, Zeinab, na mzee yule hanyamazi safarini. Nimemsikia tayari akimweleza Mutua: "Mimi najunga ngamia. Baba yake alijunga mbuzi. Yeye sasa serikali imempa banya ajunge, na korongo ndio fisi yake." Ikikufikia kesho kwamba kuna msichana Garissa anayechunga panya, ni mimi. Usikane kwamba unanijua.

Na siri ya kwa nini ninawaandikia kutoka kwenye kompyuta hii mpya: Mkurugenzi ameniambia nijizoeze kutuma imeli kabla ya Jumatatu, niwaandikie watu wawili ninaowaamini. Yeye yuko kule chini ya tangi, amevaa patipati zangu za buluu, anasubiri viatu vyake vikauke. Kisigino kiko nje chote. Hakuna anayecheka, kwa hiyo na nyinyi jizuieni.

Korongo bado yuko juu ya paa. Ananitazama dirishani.

Mkija kunitembelea, vueni viatu mlangoni, karibuni ndani, na mkikuta kitu chochote humu kimelala chali, hata kama ni mimi, msikiguse. Ulizeni kwanza.

Habiba